Koilova za Golf GTI ya kila siku: B14 au B16?

Mkuu, umeuliza ufunge koilova (shokapu na springi za seti moja, zinazorekebishwa urefu) za Bilstein aina ya B14 au B16 kwenye Golf GTI Mk6 unayoendea kazini kila siku. Chukua B14. Zote mbili unapandisha na kushusha gari, ila B16 ina kirungu cha hatua 10 cha kulainisha au kukaza shokapu, na kwa foleni za Mwenge utakichezea wiki ya kwanza tu. Kama unakaa karibu na bahari, tazama pia V1, koilova za kampuni ya KW: bodi yake ni chuma kisichoshika kutu, nati za kurekebishia hazigandi ovyo.

Mimi nilianza na seti ya bei chee. Miezi minane tu, shokapu ya mbele inavuja oili, kila tuta ni "kong!", hadi mke wangu akahamia daladala.

Usishushe zaidi ya milimita 25. Matuta yetu hayana huruma na sampu (beseni la oili chini ya injini). Kabla fundi hajafungua chochote, pima kwa futi kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike. Maunti za juu (vishikio vya shokapu kwenye bodi ya gari) na beringi zake badilisha palepale, maana kazi ya kufungua ni ileile. Kisha alaimenti (kunyoosha magurudumu), na urudie baada ya wiki mbili springi zikishakaa.