Kwa aliyeuliza jinsi wakazi wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, wanavyoweza kuanzisha doria ya usiku ya kujitolea

Kabla ya kununua tochi, nendeni kwa naibu wa chifu na orodha ya wanaojitolea: majina na nambari za vitambulisho. Nakala moja ifike kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi. Bila hiyo, gari la polisi likiwakuta na marungu saa nane usiku, washukiwa ni nyinyi.

Watu wanne kila zamu, wawili wawili: saa nne hadi saa saba, kisha saa saba hadi kumi na moja. Doria nyingi hufa mapema kwa sababu walewale ndio hukesha huku wengine wakituma pesa tu, na mweka hazina hatoi hesabu. Bandikeni hesabu getini kila mwezi.

Filimbi nazo mkubaliane. Mlio mrefu mmoja ni wa kuitana doria. Mitatu mifupi, kila nyumba iwashe taa ya nje. Msiwape watoto wachezee, la sivyo siku ya kweli hakuna atakayetoka.

Balbu pale kona ya choo cha ploti hufanya kazi kuliko walinzi wawili, ila iwekewe kikapu cha waya, la sivyo itang'olewa.

Mkimshika mtu akitenda kosa kubwa mbele yenu, sheria inawaruhusu, lakini afikishwe kituoni bila kuchelewa. Mkimpiga, kesi inawageukia. Ombeni nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) kabla ya kuondoka kituoni. Dharura ni 999 au 112.