Muulize Shangazi: Usiulize kama panafaa, uliza sentimita ngapi

Barua za mara hii karibu zote zinahusu kutoka nyumbani: muziki, ndege, hoteli, maghofu. Zimenifurahisha, maana nimechoka kuulizwa dawa ya miguu. Kwa msomaji mgeni: kiti cha magurudumu nimekitumia tangu utotoni, kwa hiyo haya nayaandika nikiwa nimekaa, na dunia nimeizoea kuiona kutoka hapa.

Shikamoo Shangazi. Mimi na rafiki zangu watatu tunataka kwenda tamasha la muziki uwanjani. Tulipopiga simu tukaambiwa, "Karibuni, tuna sehemu ya walemavu." Lakini jamaa aliyewahi kukaa huko anasema iko nyuma kabisa, na watu wakisimama huoni kitu ila migongo. Halafu msindikizaji anaruhusiwa mmoja tu. Niende, au nitazame kwenye simu? – Mpenda Muziki

Marahaba, mwanangu. Nenda. Ila kabla ya kununua tiketi piga simu tena, na safari hii usitosheke na "karibuni". Waulize jukwaa la viti vya magurudumu limeinuliwa kiasi gani kutoka ardhini. Waulize watu wa mbele yake watakaa au watasimama. Waulize kutoka langoni hadi hapo pana nini chini: lami, nyasi au mchanga? Yale magurudumu madogo ya mbele hayajui kuogelea mchangani, na nyasi zilizonyeshewa mvua ni tope linalosubiri kukanyagwa. Uliza pia choo kiko wapi na mlango wake una upana gani. Akikujibu "sijui", usigombane naye, mara nyingi yeye ni mpokea simu tu. Mwombe mtu anayesimamia uwanja, na huyo mwombe akutumie picha iliyopigwa kutoka hapo mtakapokaa, kamera ikiwa kwenye usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Picha hiyo moja ni bora kuliko ahadi zote za simu.

Kuhusu rafiki zako: Marekani sheria inasema ukinunua nafasi ya kiti cha magurudumu, una haki ya kununua hadi viti vitatu vya pembeni yako kwenye safu hiyohiyo, vikiwepo, na tiketi yako isiuzwe ghali kuliko nyingine za eneo hilo. Penye desturi ya watu kusimama, ukumbi unaojengwa upya unatakiwa ukuwezeshe kuona juu ya waliosimama. Huenda mahali mnapokwenda hakuna sheria ya namna hiyo. Hata hivyo, itaje. Mwandalizi anayejua kwamba jambo fulani linafanyika kwingine huona haya kusema haliwezekani. Na kama wakishikilia msindikizaji mmoja, zungukeni: kila rafiki akae nawe kwa muda wake.

Muziki ukiisha usikimbilie mlangoni. Kwenye msongamano watu hutazama mbele, hawatazami chini, na wewe uko chini. Subiri uwanja upungue, piga soga, kisha utoke kwa raha zako.

Shangazi, nitapanda ndege kwa mara ya kwanza. Kiti changu ni cha umeme, kina betri ya lithiamu, na kimenigharimu kuliko kitu kingine chochote nilicho nacho. Naogopa watakivunja. Naogopa pia jinsi nitakavyofika kwenye siti. Usingizi sipati. – Kaka wa Betri

Kaka, hofu yako ina msingi, viti huvunjwa. Kwa hiyo kazi yetu ni kupunguza nafasi za kukivunja na kuhakikisha kikivunjwa hupotezi haki.

Anza na shirika la ndege, mapema. Saa 48 kabla ya safari ndio muda unaotajwa kwenye kanuni za nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, lakini mimi huwaambia siku ileile ninaponunua tiketi. Watakuuliza unaweza kufanya nini kwa miguu, na jibu lako litaandikwa kwa herufi. WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege lakini umbali mrefu unamshinda. WCHS hawezi ngazi. WCHC hawezi kutembea kabisa na anahitaji kufikishwa mpaka kwenye siti. Zijue herufi zako na uhakikishe zimeandikwa sawasawa. Ukiandikiwa R wakati wewe ni C, utaletewa mtu mmoja mwenye tabasamu na ngazi ndefu.

Sasa betri. Watataka kujua nguvu yake kwa wati-saa. Kama haikuandikwa juu yake, zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 24 na ampea-saa 12 ina wati-saa 288. Kwa betri ya lithiamu iliyotengenezwa kutolewa kwenye kiti, kikomo cha kawaida ni wati-saa 300. Unaitoa, unafunika ncha zake zisigusane na chuma, unaibeba mkononi ndani ya ndege. Haiendi na mizigo. Betri za akiba zina kikomo chake: moja isiyozidi wati-saa 300, au mbili ambazo kila moja haizidi 160. Betri iliyofungwa ndani ya kiti moja kwa moja ina masharti tofauti, na hapo lazima shirika lenyewe likupe jibu. Lipate kwa maandishi. Chapisha karatasi ya mtengenezaji inayoeleza aina ya betri, maana wa kaunta atakuuliza, wa langoni atakuuliza, na anayepakia mizigo pia.

Kiti chenyewe omba ukitumie hadi mlangoni mwa ndege, na omba kirudishwe mlangoni mwa ndege mtakapotua, badala ya kukifuata kwenye mkanda wa mizigo. Kabla hawajakichukua, ng'oa kila kinachong'oka: mto wa kukalia, sehemu za kuwekea miguu, usukani wa mkono kama unatoka. Vyote ingia navyo. Bandika kitini karatasi yenye maandishi makubwa: breki zinafunguliwa hivi, kinyanyuliwe hapa, kisilazwe ubavu. Kipige picha pande zote, tarehe ionekane.

Kuingia ndani utahamishiwa kwenye kiti chembamba chenye mikanda, kinachopita kati ya siti. Wanaokunyanyua huenda wamefundishwa vizuri au wamefundishwa haraka. Wewe ndiye unayeujua mwili wako, kwa hiyo waelekeze kabla hawajakugusa: "Wewe shika chini ya mapaja, wewe kwapani, tunahesabu tatu." Usione aibu kutoa amri. Mto wako uweke juu ya siti ya ndege ukalie, kwa sababu siti hizo hazikutengenezwa kwa ngozi isiyohisi maumivu, na kidonda cha mgandamizo kinaweza kuanza ndani ya saa chache. Jinyanyue au jiegemeze upande mmoja kila mara. Na tafadhali usijinyime maji ili kukwepa choo. Wengi wetu hufanya hivyo na huishia na maambukizi ya mkojo yanayoharibu safari yenyewe. Uliza mapema kama ndege ina kile kiti chembamba cha kukupeleka chooni, na uombe siti iliyo karibu.

Ikiwa kiti kimerudi na jeraha, usiondoke uwanjani kabla hujaandikisha. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaotawala safari nyingi za kimataifa, unakupa siku 7 tu za kulalamika kwa maandishi kuhusu mzigo ulioharibika. Mkataba huo pia una kikomo cha fidia, na kikomo hicho ni kidogo mno ukilinganisha na kiti cha umeme. Ila kuna mlango: unapokabidhi kiti unaweza kutoa tamko maalumu la thamani yake, na pengine ukalipishwa nyongeza. Ukilitoa, kikomo kinapanda hadi thamani uliyotaja. Watu wa kaunta wengi hawajawahi kuiona fomu hiyo, kwa hiyo fika mapema uwape muda wa kuitafuta.

Jambo la mwisho: wewe utaingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Kama unabadilisha ndege njiani, usikubali mapumziko ya saa moja. Chukua saa tatu hata kama mfumo wa tiketi unakuambia moja inatosha. Mfumo wa tiketi una miguu.

Shangazi, mke wangu ameanza kutumia kiti baada ya ajali. Tukitoka naona kama namsukuma vibaya, na yeye hasemi. Nifanyeje? – Mume

Baba, mwulize. Kila mara, kabla hujashika mishikio. Ukisimama kusalimiana na mtu, usimwache ametazama ukuta. Mgeuze naye awe kwenye mazungumzo, na mhudumu akikuuliza "mama atakunywa nini?", wewe nyamaza, mtazame mkeo. Penye kushuka kizingiti, geuza kiti kishuke kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia, ili asipinduke mbele. Kwenye mteremko mkali fanya vilevile.

Shangazi, niliagiza chumba cha hoteli "kinachofaa watu wenye ulemavu". Nikakuta mlango mpana kweli, lakini bafuni kuna beseni refu la kuogea na hatua ya kupanda. Siku zote za likizo nimejifuta kwa kitambaa. Wengine huulizaje ili wasidanganywe? – Nimechoka na Vitambaa

Pole sana, dada. Mara nyingi hawadanganyi. Mtu anayetembea anaposikia "chumba kinachofaa" anafikiria mlango, basi. Ndiyo maana mimi swali la "je, panafaa?" nimelifuta kabisa. Nauliza namba.

Mlango wa bafu una uwazi wa sentimita ngapi ukiwa umefunguliwa kabisa? Themanini zinatosha viti vingi, lakini pima chako, pamoja na mikono yako inayozungusha magurudumu. Sakafu ya bafu ina nafasi ya kugeuka? Kipimo kinachotumika sana ni duara lenye kipenyo cha sentimita 150. Bafu la kuogea lina kizingiti au unaingia moja kwa moja? Kando ya choo pana nafasi ya kusogeza kiti, upande gani, na vyuma vya kushikilia viko wapi? Kitanda kina urefu gani kutoka sakafuni? Kikipita kiti chako kwa mbali, utapanda mlima kila usiku. Wewe unayetumia mashine ya kunyanyulia, uliza kama chini ya kitanda pana uwazi wa miguu ya mashine, kwa sababu vitanda vingi vya hoteli ni masanduku.

Wakisema "kuna hatua moja tu mlangoni, tutaweka rampu", fanya hesabu mbele yao. Mwinuko unaokubalika kwa kawaida ni wa moja kwa kumi na mbili: hatua ya sentimita 15 inahitaji rampu ya sentimita 180. Ubao wa mita moja walioutoa stoo utakurusha. Halafu omba picha zenye futi ya kupimia imelazwa mlangoni. Wapo watakaokuona msumbufu. Waache wakuone hivyo, wewe ndiye utakayelala humo.

Shangazi, napenda historia. Ndugu zangu wanasema majengo ya kale si ya watu wa viti, nitawachelewesha na nitaumia moyo. Kweli? – Mpenda Maghofu

Ndugu zako wakutake radhi. Akropoli ya Athens, ile ngome ya kale ya Ugiriki, iko juu ya mwamba, na ina lifti mpya tangu 2020. Mnara wa Eiffel unakupeleka kwa lifti hadi ghorofa ya pili. Kileleni huruhusiwi ukiwa na kiti, kwa sababu ya usalama wakati wa kuokoa watu. Hilo mimi silichukii, kwa sababu limesemwa wazi kabla sijalipa. Ninachokichukia ni kufika mahali na kukuta lifti imefungwa kwa mnyororo na mwenye ufunguo kaenda kula. Kwa hiyo asubuhi ya safari piga simu na uulize, "Lifti inafanya kazi leo?" Leo, si kwa kawaida. Kwenye reli za chini ya ardhi vilevile: za London ni kongwe na vituo vingi bado vina ngazi, ila mabasi ya mji huo yana rampu, na teksi zake nyeusi zinapakia kiti ukiwa umekikalia.

Kuhusu kuchelewesha watu, mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kifungu chake cha 30 kinataja waziwazi kumbi za maigizo, makumbusho, sinema, michezo na utalii. Haki hiyo haikuwekewa sharti la kutembea haraka. Wasomee ndugu zako mezani wakati wa kupanga safari.

Kisha gaweni siku. Asubuhi, kabla ya umati na jua, nendeni pamoja mahali penye lifti. Mchana wao wapande mnara wao wa ngazi mia, wewe ukae makumbusho, ambako aghalabu ndiko vinakohifadhiwa vile vitu vilivyotolewa kwenye maghofu. Chaji betri hapohapo, soketi huwa nyuma ya viti vya walinzi. Omba kwa upole.