Jibu: Je, ni Poltava pekee iliyoiangusha Uswidi?
Ndugu, umeuliza kama ni mapigano ya Poltava (mji wa Ukraine ya leo) pekee yaliyoiangusha Uswidi mbele ya Urusi katika Vita Kuu vya Kaskazini. Kwa maoni yangu, Poltava ya mwaka 1709 ilikuwa kilele cha maafa yaliyokwisha kuanza: mwaka 1708 Warusi waliuvamia huko Lesnaya (katika Belarus ya leo) msafara wa vyakula na baruti uliokuwa njiani kumfuata Mfalme Karl XII wa Uswidi, kisha baridi kali isiyo ya kawaida ikawaua maelfu ya askari wake kabla ya mapigano yenyewe. Inahuzunisha mno kuwafikiria vijana hao. Hata hivyo, vita viliendelea hadi mkataba wa Nystad wa mwaka 1721, ulioipa Urusi Estonia, Livonia na Ingria, maeneo ya Uswidi kando ya Bahari ya Baltiki. Ufini, nayo ya Uswidi, ilichukuliwa na Urusi baadaye, mwaka 1809.