Mtindi wa nyumbani kabla ya kupandikizwa uloto: jibu kwa mama wa Tukuyu

SWALI: Habari za kazi, mfamasia. Mwanangu wa miaka 8 ana selimundu. Dada yake amepimwa, wamelingana, na tunajiandaa kwenda Dodoma apandikizwe uloto. Kliniki tuliambiwa bakteria wa tumboni wana mchango katika matokeo. Mimi ninafuga, maziwa yapo, kwa hiyo nimeanza kumpa mtindi kila siku ili aende na bakteria wazuri, na nimepanga kubeba mwingine. Nataka pia kumwachisha antibayotiki zote. Nafanya sahihi?

JIBU: Mama, hongera kwa kupata mchangiaji ndani ya nyumba. Kwa watoto wa baba na mama mmoja, uwezekano wa ndugu kulingana kabisa ni mmoja kati ya nne, na wengi huukosa. Nianze na la haraka: mtindi wa maziwa mabichi usiubebe, na dawa aliyoandikiwa na daktari usimwachishe, ikiwamo penisilini kama bado anaitumia. Lakini ulichoambiwa kliniki ni kweli.

Kabla ya kuwekewa uloto wa dada yake, mtoto atapewa dawa kali za kuondoa uloto wake, yaani ile sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza seli za damu. Dawa hizo huumiza kila seli inayozaliana haraka. Ukuta wa ndani wa utumbo umefunikwa na safu moja tu ya seli, nayo hujifanya upya kila baada ya siku chache, kwa hiyo nayo haisalimiki. Vidonda vya mdomoni na kuharisha mtakakokuona hutokana na hilo. Utando ukishachubuka, bakteria hupenya kuingia kwenye damu, na wakati huo seli nyeupe za kuwakabili karibu hakuna. Seli za kinga kutoka kwa mchangiaji nazo zikikuta ghasia hiyo huamka vibaya, zikaweza kuushambulia mwili uliozipokea: ngozi, ini na utumbo wenyewe. Mgeni anamgeukia mwenyeji.

Mwaka 1974 watafiti wa Uholanzi walieleza kwamba panya waliofugwa bila kijidudu chochote walipata shambulio hilo kwa kiasi kidogo baada ya kupandikizwa uloto. Ikaonekana dawa ni kufagia utumbo wote, na kwa miaka mingi wagonjwa wakapewa antibayotiki za kuua kila kitu. Binadamu, hata hivyo, hafagiliki hivyo. Utafiti uliotoka mwaka 2020, uliokusanya sampuli 8,767 za choo kutoka kwa wagonjwa 1,362 wa vituo vinne vya Marekani, Ujerumani na Japani, ulionyesha kwamba waliobaki na aina nyingi za bakteria katika wiki za mwanzo walikufa wachache kuliko waliobaki na aina chache. Katika kundi kubwa lililochambuliwa, walifariki 104 kati ya 354 upande wa wenye aina nyingi, na 136 kati ya 350 upande wa pili. Wengi wao walikuwa watu wazima wenye saratani za damu, kwa hiyo usizichukue namba hizo kuwa za mwanao. Mtoto wa selimundu anayepewa uloto wa ndugu aliyelingana naye huwa na nafasi nzuri zaidi. Ila mwelekeo wake nauamini.

Kuna bakteria wasiopenda hewa, wanaokula nyuzinyuzi tunazoshindwa kumeng'enya, kisha wakatoa asidi iitwayo butireti. Hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana, na huzituliza seli za kinga. Wakiuawa, nafasi yao huchukuliwa na wengine, hasa enterokokasi. Wewe unalima, unajua: palilia shamba la maharage ukang'oa na maharage yenyewe, kitakachoota kwanza si maharage.

Ndiyo maana huniuma kila ninapoona dirishani mzazi ananyoosha noti na kusema, "Nipe Flagyl nne, mtoto tumbo linamsumbua." Vidonge vinne, bila kipimo. Antibayotiki hiyo inawalenga hasa bakteria wasiopenda hewa, yaani walewale tunaotaka wabaki. Hizo za kununua kwa kukisia ndizo za kumwachisha, mama, na zinazobaki ni alizoandikiwa.

Mtindi wako una aina chache tu za bakteria, na wengi wao hupita bila kukaa. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kubeba brusela, bakteria wa mifugo wanaomletea mtu homa ya muda mrefu. Na hata mtindi ulio safi una bakteria hai, ambao mtu asiye na seli nyeupe wanaweza kumwingia kwenye damu. Kwa sasa chemsha maziwa, halafu nguvu yako ielekeze kwenye kuwalisha bakteria alio nao tayari: maharage, njegere, kande, ndizi za kupika, parachichi, mboga za majani zilizoiva vizuri. Rungwe hivyo vyote mnavyo mlangoni. Akishalazwa, fuata mwongozo wa chakula wa wodi, na mhimize ale hata vijiko viwili vitatu, kwa sababu utumbo usiopitisha chakula hudhoofika.

Andika kwenye daftari kila antibayotiki aliyotumia miezi ya karibuni, na tarehe. Maboksi usiyatupe, yaende Dodoma. Waulize madaktari watatumia ipi akipata homa, maana zinatofautiana: baadhi huwaacha bakteria wa utumbo, nyingine huwamaliza, na wao ndio wanaojua lini hakuna budi kutumia iliyo kali. Na homa ikimpanda mkiwa bado nyumbani, hata saa nane usiku, mpeleke hospitali. Wengu wa mtoto mwenye selimundu haumlindi kama wa wenzake, na hapo antibayotiki ya haraka ndiyo inayookoa maisha.