Binti anauza biskuti, mama anaona haya

Dada, nimekuelewa: unafurahi binti yako anavyojifunza hesabu kwa kuuza biskuti za Girl Scouts huko Marekani (chama cha skauti wa kike, wanaouza biskuti kuchangia kikundi chao), lakini unaona haya kuwasumbua jamaa na wafanyakazi wenzako. Una haki ya kuhisi yote mawili.

Kuuza ni hiari, na mzazi ndiye anayetoa ruhusa. Ukikubali, mwache aongee na wateja na ahesabu chenji mwenyewe. Ukizibeba biskuti wewe na kuziuza kazini, yeye hajifunzi kitu. Asigonge mlango wa mtu peke yake kamwe!

Kabla ya kusaini fomu, soma nani atalipia boksi zitakazobaki au pesa ikipotea. Deni hilo linaweza kukuangukia. Likikulemea, mwambie kiongozi wa kikundi mapema, umuulize kama mnaweza kuchangia kwa njia nyingine.