Manukuu yanazidi kubaki nyuma ya sauti: nitumie programu gani?

SWALI: Nina filamu kadhaa za hali halisi za aina ya MKV, kila moja ikiwa na faili lake la manukuu la SRT. Nikizicheza, manukuu huanza pamoja na sauti, kisha yanachelewa kidogo kidogo hadi mwishoni hayafuatiki kabisa. Pia nataka kukata kipande cha dakika tatu chenye manukuu, nikitume kwa simu. Je, kuna programu moja ya kufanya yote haya?

JIBU: Usiitafute hiyo moja. Kucheza, kurekebisha muda na kukata ni kazi tatu, na programu zinazozifanya vizuri ni tofauti, ingawa zote nitakazozitaja ni za bure.

Kwa kucheza, VLC inakutosha. Ukilipatia faili la SRT jina lilelile la video na kuyaweka yote mawili kwenye folda moja, italichukua yenyewe. Kitufe cha H huchelewesha manukuu na G huyawahisha, milisekunde 50 kila unapobonyeza. Wengi huishia hapo, wakabonyeza G filamu nzima. Kwa tatizo lako vitufe hivyo havisaidii, kwa sababu vinasogeza mistari yote kwa kiasi kilekile, na wewe kuchelewa kwako kunakua.

Kuchelewa kunakokua hivyo mara nyingi kunatokana na mwendo wa fremu, yaani zile picha moja moja zinazopita kila sekunde. Filamu nyingi huwa na fremu 23.976 kwa sekunde, lakini nakala zilizoandaliwa kwa televisheni za mfumo wa PAL huharakishwa hadi fremu 25. Manukuu yaliyopimwa kwenye nakala ya kwanza yakiwekwa kwenye ya pili, picha hukimbia na maneno hubaki nyuma, na ikifika saa moja tofauti ni kama dakika mbili na nusu. Fungua video kwenye VLC, bonyeza Ctrl na J, usome idadi ya fremu. Ukikuta 25, na kuchelewa kwako kunakaribia kiasi hicho, umeshampata mchawi.

Dawa yake ni Subtitle Edit, programu ya kuhariri manukuu. Fungua SRT, nenda kwenye menyu ya kulinganisha muda, badilisha mwendo kutoka 23.976 kwenda 25, uhifadhi. Ikiwa hesabu haikubali, tumia njia ninayoipenda kuliko zote: chagua mstari mmoja wa mwanzoni na mmoja wa karibu na mwisho, uiambie programu kila mmoja unasemwa saa ngapi hasa, nayo itavuta au kubana yote yaliyo katikati. Ila angalia jambo moja. Kama manukuu yanakwenda sawa kwa muda mrefu kisha yanaruka ghafla, mwendo hauna kosa; nakala yako ina sehemu iliyoongezwa au kuondolewa. Hapo unasogeza mistari ya kuanzia pale yaliporuka tu, na iliyotangulia huigusi.

Sasa kipande chako. Programu nyingi za kutumiana ujumbe hazionyeshi manukuu yaliyo kwenye faili la pembeni, kwa hiyo lazima maneno yagandishwe kwenye picha yenyewe. Yakishaganda hayatoki tena, ndiyo maana nasisitiza urekebishe muda kwanza. Kosa ninaloliona sana ni mtu kukata kipande kwanza, halafu akakiwekea SRT ileile: saa zilizoandikwa ndani yake bado zinahesabu kutoka mwanzo wa filamu, na kipande chake kinaanzia sifuri. Kwenye Kdenlive, programu ya kuhariri video, weka filamu nzima mwanzoni mwa mstari wa muda, ingiza SRT iliyorekebishwa, weka alama pale kipande kinapoanzia na kinapoishia, kisha toa eneo hilo pekee kwa MP4. Usihamishe chochote.

Huenda ukasikia watu wakisifu LosslessCut kwa sababu inakata kwa sekunde chache bila kupunguza ubora. Ni kweli, na mimi huitumia, lakini inakata bila kuchora picha upya, na maneno hayawezi kugandishwa bila kuchora upya. Tena mwanzo wa kipande mara nyingi husogea hadi kwenye fremu kamili iliyo karibu, si pale hasa ulipoweka alama.

Filamu zenyewe usizigandishe. Ukitaka kila moja ibaki faili moja, MKVToolNix itaitia SRT ndani ya MKV bila kugusa picha wala sauti, na mtazamaji atayawasha au kuyazima manukuu apendavyo. Yakitokea yenye herufi za ajabu mahali pa zile zenye alama juu, rudi Subtitle Edit, uyahifadhi upya kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote), kisha ndipo uyafungashe.