Waya mmoja, umeme ulirudi wapi?

SWALI: Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Mwanangu kanionyesha habari za waya uliokokotwa angani na chombo cha Marekani mwaka 1996, ukatoa volti 3,500 bila betri wala jenereta. Mwalimu, waya ulikuwa mmoja tu. Umeme ulirudi kwa njia gani? Na kwa nini waya ulikatika?
Fundi, Tanga

JIBU: Fundi, nimefundisha sumaku miaka mingi kwa dainamo ya baiskeli, na swali lako ndilo ninalotamani kila mwanafunzi aniulize.

Jenereta ilikuwepo: ni mwendo wenyewe. Chombo Columbia kilikwenda karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, kimo cha kilomita 300 hivi, kikikata sumaku ya dunia; na waya unaokata sumaku huzaa umeme, kama kwenye dainamo. Juu yake ulinyooka waya wa shaba wenye unene wa milimita 2.5, urefu karibu kilomita 20, nchani umefungwa satelaiti ya Waitalia.

Sasa, ungeteremsha waya wa pili kutoka satelaiti hadi Columbia ili kufunga saketi, usingepata kitu. Nyaya zote mbili zingekata sumaku sawasawa, na msukumo wa huu ungeua wa ule. Njia ya kurudi lazima iwe kitu kisichosafiri nawe. Kitu hicho ni ayonosfia: hewa nyembamba mno, iliyopasuliwa na mwanga wa jua ikabaki elektroni na ayoni (atomu zilizopoteza elektroni), nayo hupitisha umeme. Satelaiti, ikiwa upande chanya, ilinyonya elektroni. Zikashuka kwa waya hadi Columbia. Huko mtambo maalumu ukazitema nje. Kutoka hapo zilifuata mistari ya sumaku, saketi ikajifunga mbali na chombo. Ayonosfia ndiyo nyutro yako, yaani waya wa kurudishia umeme. Tena ilipokea umeme mara mbili hadi tatu kuliko hesabu za wataalamu zilivyotabiri. Kwangu mimi hilo ndilo tunda kubwa la safari ile.

Wala haukuwa umeme wa bure. Sumaku huuvuta nyuma waya wenye umeme, hivyo chombo hulipa kwa mwendo wake.

Kuhusu waya kukatika, tarehe 25 Februari, wewe fundi utaelewa kuliko mimi. Ganda la waya lilikuwa na jeraha. Sehemu hiyo ilipopita kwenye mtambo wa kuufungulia, umeme ukaruka kutoka kwenye shaba hadi kwenye mwili wa chombo, nyuzi zikaungua, na zilizobaki hazikuweza kuhimili mvuto. Ncha iliyosalia Columbia ilikutwa imeungua, kama zile unazozitoa darini.